Mangi Aliyehesabiwa Magomeni

Kwa miaka sita mfululizo, kila ilipofika tarehe ishirini na mbili Desemba, Anselmi Tarimo alifunga duka lake la mabegi Mtaa wa Narung'ombe, akatia kufuli mbili, akawaaga majirani kwa sauti ya mtu anayekwenda kuapishwa.

"Jamani, sisi tunaenda nyumbani."

"Nenda kahesabiwe, Mangi," majirani walimjibu, vilevile kila mwaka.

Kariakoo nzima inajua kwamba mwezi huo Wachaga wote hurudi Kilimanjaro kuhesabiwa, na kwamba asiyeonekana jina lake hufutwa. Wachaga wenyewe hawajawahi kukanusha habari hizo. Zinawafanya waonekane watu wenye utaratibu.

Anselmi alijitwika begi kubwa kuliko yote dukani, akakata kona ya Msimbazi, akapanda bodaboda. Safari ilimchukua dakika kumi na mbili. Alishuka Magomeni, kwenye nyumba ya wageni yenye geti la kijani, ambako mhudumu mmoja mpole aitwaye Haruna alikuwa amekwisha kumtandikia chumba namba saba.

Humo alikaa mpaka tarehe tatu Januari. Alitoka kununua chapati akiwa amevaa kofia ya kufunika masikio, vazi ambalo kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa Desemba lilifanya mtaa mzima umtazame. Siku ya mwisho alipitia soko la Mabibo, akachagua mikungu miwili ya ndizi iliyonona, akarudi Kariakoo amekunja uso kama mtu aliyeshinda ndani ya basi.

"Za mama hizo," aliwaambia majirani akiwagawia. "Zimekatwa jana asubuhi, umande bado unadondoka."

Mama Brightness, muuza vitenge wa mlango wa pili, alizisifia kuliko wote. Alisema ndizi ya Uchagani haimpotezi mtu, hata ukimfunga kitambaa machoni ataitambua; ina ubaridi fulani wa mlima unaoanzia kwenye fizi.

Sababu ya yote haya ilikuwa kipande cha nyama.

Katika ukoo wa akina Tarimo, huko Rombo, mbuzi wa Krismasi hakatwi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe, na kidari ni cha kifungua mimba. Baba yao alipofariki, kifungua mimba alikuwa Anselmi. Mwenye kisu alikuwa Rogath, kitinda mimba, aliyerithi nyumba na migomba. Mwaka ule Rogath, ama kwa kupitiwa ama kwa kukusudia (kesi hii ina mashahidi wa pande zote mbili), alimpa kidari shemeji yao Wilbert, kwa kuwa alikuja na gari lake mwenyewe kutoka Arusha. Anselmi akapewa shingo. Shingo, mbele ya mashemeji.

Anselmi aliweka sahani kwenye majani, akasimama, akatangaza kwamba hatakanyaga tena pale mpaka Rogath amletee isale.

Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani ambao Wachaga huupanda kuzunguka migomba na makaburi. Aliyekosa akichuma jani lake, akalifunga fundo na kumpelekea aliyemkosea, amekwisha kuomba radhi. Na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa, maana kukataa ni kuwatukana marehemu wake mwenyewe. Mara nyingi jani halipelekwi na mkosaji, bali na mtu baki anayeheshimika. Ni mpango mzuri. Umemaliza ugomvi wa mashamba, wa ng'ombe na wa wake. Kikwazo chake ni kimoja tu, kwamba lazima mmoja akubali kuwa ndiye mkosaji. Rogath naye alisema aliyetukanwa ni yeye, kwa kuwa sahani ilibwagwa uani kwake, hivyo isale litoke Dar es Salaam.

Nyumba ile imezungukwa na masale pande zote nne. Majani yaliyopo yangetosha kusuluhisha wilaya nzima. Miaka sita halikuchumwa hata moja.

Katikati yao alikuwepo mama, Bibi Severa, mwenye miaka themanini na moja, aliyepiga simu kila Jumapili baada ya misa ya pili. Mara mbili alikuja Dar kutibiwa macho. Mara ya pili alisema magoti yake yamejiuzulu kazi ya mabasi, akaondoka na miwani mpya. Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita, na Anselmi hakuwa amemwona tena.

"Utakuja lini?" mama aliuliza.

"Desemba, mama."

"Desemba ipi?"

Hapo mtandao ulikuwa unasumbua kila Jumapili, dakika ileile.

*

Mambo yangeweza kuendelea hivyo mpaka mmoja wao azikwe, kama si wateja watatu walioingia dukani mwezi wa Juni wakitaka mabegi ya kutembelea milimani.

Wa kwanza alikuwa Megha, dada wa miaka ishirini na tisa anayepima macho na kuuza miwani katika duka la familia yake, upande wa Kisutu. Wa pili Nasreen, rafiki yake, mfamasia mwenye ulimi usiohitaji kunolewa. Wa tatu Shaibu, kaka yake Nasreen, fundi simu wa Mtaa wa Aggrey, ambaye alikuja kwa sababu mama wa pande zote mbili walikuwa wamekataa wasichana wasafiri peke yao.

"Mimi nawapa watu macho ya kuona mbali," Megha alimweleza Anselmi, "na mwenyewe sijaona kitu cha mbali kuliko Kigamboni, nikiwa nimesimama Magogoni. Nimechoka. Hili begi ni la uhakika?"

Anselmi alilipiga begi kofi la mgongo, kama mtu anayeuza ng'ombe. "Hili? Hili limelala mlimani siku tatu. Mvua, barafu, upepo. Nimelibeba mimi mwenyewe."

Begi lilikuwa bado limevaa nailoni ya kiwandani.

"Kumbe Mangi unapanda mlima," alisema Shaibu.

"Kila Desemba. Nikienda kumwona mama, napitia juu kidogo."

Nasreen alimtazama tumboni. "Na hicho kitambi unakiacha wapi?"

"Hiki ndicho kinachoshika joto, dada yangu. Wembamba wote hurudishwa kwa machela."

Ukutani kulikuwa na kalenda yenye picha ya Kilimanjaro. Anselmi aliwaonyesha kwao: chini ya theluji, kushoto kidogo, mahali ambapo palikuwa pamefunikwa na mwezi wa Juni. Aliwaambia kuhusu vyumba vitatu vya wageni, maporomoko ya maji nyuma ya nyumba, na tembo ambao mara mojamoja huja kupiga hodi. Kisha akamalizia kwa sentensi aliyokwisha kuwaambia wateja wasiopungua mia mbili.

"Ningewapeleka mimi mwenyewe. Bahati mbaya nyie watu wa mjini hamnaga nafasi."

"Sisi tunayo," alisema Megha.

Feni ilizunguka. Mpita njia mmoja aliuliza bei ya begi la shule, hakujibiwa, akaenda zake.

"Sikukuu ya Nane Nane," Shaibu aliongeza. "Tunachukua siku kumi. Tunaanzia Lushoto, tunatembea mpaka Mtae, tunashuka, tunapitia Ziwa Chala, tunamalizia kwa mama yako. Nimeshaichora njia kwenye simu."

Mama Brightness alikuwa amesimama mlangoni na mita tatu za kitenge mkononi, masikio yote mawili yamefika dukani. "Muende naye tu," alisema. "Huyu kwao ni kila mwaka. Ndizi zake tunazila sisi."

Mtu mwingine angesema anaumwa. Lakini Anselmi alikuwa na jina la kulinda. Mtaani pale yeye ndiye Mchaga wa mfano, ndiye waliyemtumia kuwasema watoto wao walioshindwa kwenda kuwasalimu bibi zao. Akikataa, ataulizwa kwa nini. Akifika, mlango atafunguliwa na Rogath. Alipiga hesabu akaona jambo moja tu la kumwokoa: safari ife njiani, na isife kwa mkono wake.

Basi akawachagulia mabegi mabovu kuliko yote.

Hakuna anayeijua kazi hiyo kumzidi. Alijua mabegi ya kontena lipi yalishonwa na mtu mwenye mawazo, mkanda upi umeshikiliwa na nyuzi tatu na imani. Alimpa Shaibu lenye zipu iliyokuwa na tabia ya kutubu na kurudia dhambi. Nasreen alipewa jekundu, zuri sana, lisiloweza kubeba godoro la mtoto. Kwa makadirio yake, mpaka wafike Soni, kabla hata ya Lushoto, mali yote ingekuwa barabarani na wote wangerudi nyumbani wakiwa na hasira. Hasira ya wateja alikuwa na uzoefu nayo.

*

Mabegi yalikataa kuharibika.

Siku ya kwanza waliteremka Lushoto, wakatembea mpaka kwenye jabali la Irente, mahali ambapo nchi imekatika ghafla na tambarare ya Wamasai imelala chini kabisa kama shuka iliyoanguka kitandani. Megha alisimama ukingoni. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kumbe hiki ndicho ninachowauzia watu," alisema.

Anselmi hakuwa akitazama tambarare. Alikuwa akitazama zipu ya Shaibu. Imefunga kinywa kama bibi harusi.

Siku ya pili walipita msitu wa Magamba kwenye njia yenye tope jekundu. Shaibu aliteleza, akaburuzika na begi lake hatua kumi, akasimama. Mkanda haukukatika hata uzi.

"Mangi, nakupa heshima yako," alisema, akijipangusa. "Nilijua ni mzigo wa kitapeli."

"Mimi siwezi kukuuzia kitu kibaya," Anselmi alijibu kwa huzuni ya kweli. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya biashara alikuwa akisali bidhaa yake iharibike, na kwa mara ya kwanza bidhaa yake ilikuwa na ubora.

Jambo jingine hakulitarajia. Alianza kufurahi. Furaha ilikuwa inamjia kwa wizi, hasa wakati wa kula. Ranjanben, mama yake Megha, alikuwa amempakilia binti yake mikate myembamba ya uwatu inayotosha kikosi, achari ya ndimu, na makopo manne ya vitamutamu. Alimpa pia amri moja: asiingie kamwe nyumba ya mtu kwa mara ya kwanza mikono mitupu, hata kama anaingia kuuliza njia. Megha aliifuata amri hiyo kama dawa ya kila saa nane. Masista wa Rangwi waliowapa vitanda walipata mikate. Mzee wa Kisambaa aliyewachotea maji alipata kopo la vitamutamu, akalitazama muda mrefu, akaenda kuliweka juu ya kabati karibu na picha ya harusi yake. Mwenye nyumba ya wageni ya Mtae, ambaye alikuwa akiwatoza pesa, naye alipewa.

"Huyo si umlipe tu?" Nasreen alimwambia.

"Ni nyumba ya mtu."

"Ni biashara ya mtu. Wewe ukienda benki unapeleka nini?"

Mtae imekaa juu ya mgongo wa mlima, nyumba zake zimejipanga kama watu wanaochungulia kisimani. Asubuhi ya siku ya tano kulikucha kweupe. Walitoka na vikombe vya chai, na mbali sana, kaskazini, juu ya milima ya Upare, kikaonekana kitu cheupe kimening'inia hewani bila miguu.

"Mangi," alisema Shaibu polepole, "ule si mlima wenu?"

Anselmi alipuliza chai. "Wingu lile."

"Lina theluji."

"Mawingu ya huku yana tabia hiyo."

"Simu inasema Kilimanjaro iko upande huo huo."

"Simu ya wapi? Simu imezaliwa Rombo?"

Megha, aliyekuwa na miwani bora kuliko wote na cheti cha kupima macho, alitazama kwa makini. "Kaka Anselmi, hilo wingu halijatikisika tangu tulipotoka ndani."

"Ni wingu lenye adabu," alisema Anselmi, akaingia kuongeza sukari.

Ndani alisimama karibu na dirisha dogo, peke yake, akautazama mlima mpaka chai ikapoa. Hakuongeza sukari.

*

Walishuka kwenye joto la tambarare, wakapanda gari mpaka Himo, wakabadilisha, wakafika Chala Jumapili mchana. Ziwa lile limezama ndani ya shimo la mviringo, kuta zake zimesimama wima, maji yana rangi ambayo Nasreen alisema ni ya dawa ya kusukutulia. Nusu ya ng'ambo ni Kenya. Anselmi alivua viatu, akatumbukiza miguu na kuitazama Kenya kwa kirefu. Hakuwa na pasi ya kusafiria, lakini alikuwa mtu mzima, na kuogelea kidogo anajua.

Simu yake iliita. Ilikuwa kwa Shaibu, ikichajiwa kwenye betri ya akiba, na Shaibu ni fundi simu: simu ikilia mikononi mwake hupokea.

"Halo? Shikamoo mama."

Anselmi alitoka majini kwa kasi isiyolingana na kitambi, lakini Shaibu alikuwa amekwisha kuweka sauti ya nje ili wote wasalimie.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Sisi marafiki zake Anselmi. Tuko hapa Chala. Kesho tunapanda kwa miguu, jioni tuko kwako."

Upande wa pili jogoo alisikika.

"Anselmi yupi?" aliuliza Bibi Severa.

"Anselmi wako, mama."

"Na yeye mwenyewe yumo?"

"Yumo. Amevua viatu."

"Mwambie avivae," alisema bibi. "Rogath nitamwambia ni wageni wa parokia. Mnakula mbuzi?"

"Tunakula, mama, ila mimi na dada yangu Waislamu."

"Basi utamchinja wewe. Safari njema." Akakata kabla mtandao haujapata nafasi ya kusumbua.

Nasreen alimgeukia Anselmi taratibu. "Mangi. Kwa nini Rogath aambiwe sisi ni wageni wa parokia?"

"Anapenda parokia," alisema Anselmi, na akavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

*

Kesho yake walipanda siku nzima, kutoka kwenye nyasi kavu mpaka kwenye mahindi, kutoka mahindi mpaka migombani, mabegi yakiwa mazima kabisa. Saa tisa alasiri Anselmi aliwapoteza ndani ya kijiji alichozaliwa.

Haikuwa kosa lake lote. Katika miaka sita kijiji kilikuwa kimepata lami, mnara wa simu na kinyozi. Mti wa mringaringa uliokuwa alama ya kugeuka kushoto ulikuwa umekatwa. Aliwazungusha mara mbili kwenye shule ileile, ya tatu mwalimu akawauliza kama wanatafuta nafasi ya mtoto.

"Kila Desemba?" alisema Nasreen.

"Desemba huwa nakuja usiku."

Ilibidi Shaibu aulize kwa kinyozi, na kinyozi akawaelekeza kwa akina Tarimo kama mtu anayewaelekeza wageni watatu na mgeni wa nne.

Walipokaribia uzio, mbwa wa manjano alitoka. Alimpita Shaibu, akamnusa Megha, akamkuta Anselmi na kubweka mpaka akatikisika mkia.

"Mbwa wa kwenu hakujui," alisema Nasreen.

Anselmi alisimama njiani, begi mgongoni, akiangalia bati la nyumba ya baba yake kupitia migomba. Kurudi nyuma kulikuwa bado kunawezekana. Angeweza kusema tumbo. Ndani, mita thelathini tu, alikuwemo mama yake, na kati yake na mama yake palikuwa na Rogath, na Rogath alikwisha kusikia mbwa.

Megha, wakati huo, alikuwa na shida yake. Mikate iliisha Mtae na kopo la mwisho walimpa dereva wa Himo. Alikuwa mbele ya nyumba ya mama wa rafiki yake, mara ya kwanza, mikono mitupu. Alimwona Ranjanben akimtazama kutoka Kisutu. Kando yake palikuwa na ua wa mmea wa majani marefu, mazuri, yanayong'aa. Alichuma moja. Lilining'inia vibaya, halikuwa na umbo la zawadi, kwa hiyo akalifunga fundo zuri katikati, kama anavyofunga mfuko wa miwani ya mteja.

Rogath alijitokeza getini, mnene kuliko zamani, kisu cha kukatia majani mkononi. Alikuwa na uso wa kupokea parokia. Kisha akamwona kaka yake.

Mbwa alinyamaza, akakaa.

Na hapo Megha alitembea mbele, akasimama mbele ya Rogath, akainamisha kichwa kidogo kama alivyofundishwa, akanyoosha mikono yote miwili. Juu ya viganja kulikuwa na jani la isale lenye fundo.

Rogath alilitazama. Alimtazama yule binti wa Kihindi, mtu baki, mwenye heshima zake, aliyeletwa kutoka Dar es Salaam yote kwa ajili ya kazi hii. Kisu kilishuka polepole mpaka kikagusa goti.

"Amekutuma?" aliuliza.

Megha hakuelewa swali, lakini kwao zawadi haina mwenyewe mmoja. "Tumekuja nalo wote," alisema.

Rogath aliinua macho kwa Anselmi.

Neno moja tu lilitakiwa. Anselmi alikuwa nalo mdomoni: sikumtuma. Lilikuwa kweli tupu, na kwa mtu aliyeishi juu ya uongo miaka sita, ukweli wa aina hiyo una utamu wake. Angelisema, kidari kingebaki chake, haki ingebaki yake, na chumba namba saba kingebaki chake mpaka uzeeni. Akamwona Bibi Severa ametokea nyuma ya bega la Rogath, ameshika nguzo, miwani imeteremka puani. Amekuwa mdogo. Hakuwa amemwona akiwa mdogo hivyo.

Anselmi akafunga mdomo.

Rogath alipokea jani kwa mikono miwili.

"Limepokelewa," alisema Bibi Severa papo hapo, kabla mtu hajapata nafasi ya kuuliza maswali ya ziada. "Nimeona mimi, na nimeona kwa miwani. Anselmi, utasimama hapo mpaka uote? Njoo uniamkie."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umenenepa. Ingieni."

*

Baadaye, Shaibu alipomaliza kuchinja na moshi ukaanza, bibi mwenyewe ndiye aliyewaeleza wageni maana ya jani lile, pamoja na habari za shingo, sahani na miaka sita. Megha alishika mashavu.

"Mimi nilitaka tu nisiingie mikono mitupu."

"Na hukuingia," alisema bibi. "Mama yako nimpelekee nini? Anakula parachichi?"

Nasreen alikuwa akimtazama Anselmi jinsi mtu anavyotazama dawa iliyoisha muda. "Kila Desemba unapitia juu kidogo."

"Ninyi kuleni," alisema Anselmi.

Aliwasimulia mengine, akiwa amenyoosha miguu kwenye majani. Chumba namba saba hakukitaja. Hakuna anayekunguta mifuko yote siku moja.

Nyama ilipoiva, Rogath alisimama na kisu. Kipande cha heshima siku ya isale, alisema, hakiendi kwa kifungua mimba wala kwa shemeji. Kinakwenda kwa aliyelibeba jani. Akamwekea Megha kidari kizima kwenye sahani, kinang'aa mafuta, kipande kilekile ambacho ndugu wawili walinuniana kwa ajili yake miaka sita. Anselmi alipewa shingo.

Megha hajawahi kula nyama maishani mwake, wala mama yake, wala mama wa mama yake. Alishukuru vizuri. Alikaa na sahani magotini akitabasamu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mgeni. Wakati huohuo wingu lilifunguka na mlima ukajitokeza juu ya bati, mkubwa, karibu, mweupe mpaka inaudhi, na wote wakageuka kuutazama. Megha alitumia nafasi hiyo. Aliteremsha mkono taratibu pembeni ya kigoda.

Mbwa wa manjano hakuwa na taarifa yoyote ya historia ya kipande kile. Alikimaliza kwa mafunda manne.

Wawili tu waliona, kwa sababu wawili tu walikuwa wakikitazama kidari badala ya Kilimanjaro.

"Mbwa amekula kidari," alisema Rogath kwa sauti ya chini.

"Nimeona."

"Basi kifungua mimba ndiye yeye."

"Ndiyo maana alinibwekea," alisema Anselmi. "Nimechelewa kumwamkia."

Rogath alicheka kwanza, kwa pua, akijizuia. Kisha wakacheka wote wawili mpaka mama yao akauliza kama wameanza tena. Anselmi aliirudia shingo yake. Ilikuwa laini, ina mafuta mahali pake. Hilo hakumwambia mtu.

*

Desemba hiyo alifunga duka, akatia kufuli mbili, akapanda basi la kweli kutoka Mbezi. Njiani Haruna wa Magomeni alimpigia, ana wasiwasi. Shuka zilikuwa zimefuliwa, na ilikuwa tarehe ishirini na mbili.

"Unaumwa, Mangi?"

"Nimekwenda kuhesabiwa," alisema Anselmi.

"Ah," alisema Haruna, ambaye hakuwa amewahi kuuliza chochote kwa miaka sita. "Basi nimpe mwingine. Yuko Mpare mmoja hapa ana begi kubwa."

Januari alirudi na mikungu miwili aliyokatiwa na Rogath. Ilisafiri chini ya basi siku nzima, imelaliwa na magunia ya watu, nusu imechubuka, nusu imeiva kwa ghadhabu. Anselmi aliigawa mlango kwa mlango, safari hii bila hotuba.

Mama Brightness alimenya moja, akatafuna, akafumba macho. Alitafuna tena. Kisha akamtazama Anselmi kwa huruma ya jirani wa siku nyingi.

"Mangi, usinielewe vibaya," alisema. "Hizi umenunua wapi?"